Mashahidi Themanini na Watatu

Jumatatu moja ya mwaka 1994, Ngowa alikuwa akipaka rangi kibao cha jina la mti wa mbambakofi alipofika mpimaji wa ardhi na kuanza kupigilia vigingi. Ngowa alikuwa ameitunza bustani hiyo ya miti ya utafiti, karibu na Kilindini, kwa miaka kumi na tisa. Mpimaji alimwonyesha ramani: kiwanja kitupu, kimegawiwa tajiri wa maghala. Kuhusu miti, alisema kwenye ramani haimo, kisha akauzunguka msaji ili afikie kona ya mwisho.

Kesho yake Ngowa alikwenda ofisi ya viwanja, mara ya nne mwaka huo. Karani, Caroline, alimweleza kwa adabu kwamba malalamiko bila mashahidi hayapokelewi, na mashahidi sharti wafike wenyewe. Yalikuwa yamemfika kooni. Alirudi bustanini, akafungua daftari, akaisomea miti majina yake mmoja mmoja, na kuiambia wataondoka pamoja kesho, saa mbili asubuhi.

Jumatano miti themanini na mitatu iling'oka, ikakung'uta udongo, ikamfuata. Kwenye mtaa wa Ndia Kuu, mvule ulikwama kwenye roshani ya nyumba, wakachelewa. Jamaldin, muuza vinyago, aliiomba miti iangalie turubai lake, akaendelea na kahawa yake.

Ofisini miti ilipanga foleni. Caroline alidai vitambulisho. Ngowa akamkabidhi vibao vya majina. Watu walinung'unika kwamba mlangilangi unawazibia feni, ingawa ulinukia vizuri. Kwa kuwa sasa malalamiko yalikuwa kamili, afisa Athmani alitumwa kukagua kiwanja, kama utaratibu unavyotaka. Alirudi adhuhuri.

"Mzee Ngowa, nimefika mwenyewe. Hapana hata mche. Ni mashimo tu."

"Miti si hii hapa, bwana?"

"Hii iko ofisini, mzee wangu. Sisi twakagua kiwanja."

Ngowa alitaka kuipindua meza. Zaidi alijikasirikia mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyeiita. Caroline aliyagongea malalamiko muhuri wa kukataliwa, akamrudishia vibao vyake, akamwomba awapange mashahidi wake upande mmoja wa ukumbi. Aliyefuata kwenye foleni alikuwa yule tajiri wa maghala, na alikuwa hapati pa kupita.

Mbambakofi ukasogea, ukampisha.