Mtu wa Kumchukua Bwana Tayari

Hotelini walimwita Bwana Tayari, maana kabla mgeni hajamaliza kueleza shida yake, yeye alikwisha kusema "tayari." Meza yake ndogo ilikuwa karibu na mlango mkubwa, hatua chache kutoka mapokezi. Kutoa funguo hakukumhusu. Yeye alishughulika na yale mengine yote: kumtafutia mgeni daktari wa meno siku ya Jumapili, fundi wa kushona kifungo nusu saa kabla ya mkutano, maua, tiketi, yaya wa saa mbili. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kumwambia mgeni kwamba jambo haliwezekani.

Kisha jicho lake la kulia likaanza kuingia ukungu. Alijikaza, hadi siku moja akakipigia saluti kiti chenye koti, akidhani ni mgeni. Daktari akamwambia ana mtoto wa jicho.

"Afadhali huyu anaishi nami," Bwana Tayari akatania. "Niliyemzaa alishahama."

Akapasuliwa Jumanne asubuhi. Saa nne alikuwa kwenye benchi la ukumbini, jicho limefunikwa, kichupa cha dawa mkononi. Muuguzi akamjia na karatasi.

"Mzee, nani anakuchukua?"

"Nitaita teksi."

"Dereva simtaki. Nataka mtu wako. Atie sahihi hapa, akufikishe nyumbani, akuwekee matone ya kwanza. Peke yako hatukuruhusu."

"Yuko njiani," akasema, kwa sauti yake ya kazini.

Hakukuwa na mtu njiani. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita. Binti yake aliishi mwendo wa siku nzima kwa basi, na hakumwambia kitu. Kazini aliaga kwamba anapumzika kidogo, basi. Akatoa simu, akaanza kupitia namba zake. Zilikuwa zaidi ya mia tatu.

Alianza na dereva aliyefanya naye kazi miaka tisa.

"Bwana Tayari! Nimchukue wapi mgeni?"

"Hospitali ya macho. Lakini mgeni ni mimi."

Dereva akacheka sana. "Wewe nawe kwa utani! Haya, niko uwanja wa ndege na wazee wawili. Nikutumie kijana wangu?"

"Hapana, usijali."

Muuza maua akamuuliza apeleke chumba namba ngapi. Fundi cherehani akasema suti itakuwa tayari kesho, mwambie asiwe na haraka. Kila alipofungua mdomo, mtu wa upande wa pili alikuwa ameshika kalamu, akisubiri jina la mgeni. Hakuwa na jina la kuwapa. Muuguzi alipita mara ya pili, kisha ya tatu, na safari hiyo hakuuliza kitu, akamwekea tu glasi ya maji. Hilo likamwuma kuliko jicho.

Saa sita ikamkuta anapiga namba ya chumba cha kufulia.

"Kufulia hapa. Nguo za chumba gani?" Alikuwa Bi Pasi, mama aliyenyoosha sare za wafanyakazi wote. Kwa miaka kumi na moja walisalimiana kila asubuhi pale dirishani alipochukulia koti lake. Hawakuwahi kuzidisha salamu.

"Si nguo, dada. Ni mimi. Niko hospitali ya macho na hawanitoi bila mtu."

Akasikia mvuke wa pasi ukizimwa.

"Nakuja," akasema.

Alifika na kanga yake mabegani, jasho bado usoni. Akasoma karatasi kutoka juu hadi chini, kisha kalamu ikasimama.

"Hapa wanauliza uhusiano na mgonjwa. Niandike nani?"

Bwana Tayari akafikiri.

Bi Pasi akaandika "jirani," akatia sahihi.

"Lakini sisi si majirani."

"Watakuja kupima viwanja?"

Nyumbani kwake palikuwa na chumba kimoja na sebule. Kulikuwa na viti vinne, vitatu vikiwa vimebeba magazeti. Bi Pasi alitazama mara moja tu, akaamua kutotazama tena. Akamlaza, akamwekea matone, akampangusa shavu kwa ncha ya kanga kama anayefuta doa.

"Mwanao anajua?"

"Yuko mbali. Ana mambo yake."

"Utampigia mwenyewe au nimpigie mimi?"

Akapiga mwenyewe.

"Baba? Kuna nini? Saa hizi huwa uko kazini."

Akamweleza kwa kifupi, kama anayetoa taarifa ya chumba.

"Na nani yuko na wewe?"

"Mtu wa kazini."

"Ningekuja, Baba."

"Uko mbali, mama."

"Hukuniuliza." Sauti yake haikupanda. "Harusi yangu ulifika watu wanakunja viti, kwa sababu mgeni alipoteza pasipoti. Nikasema sawa, ni kazi. Lakini hii si kazi. Hii ni wewe."

"Nilikosea," akasema. "Na siku ile pia nilikosea."

"Najua." Nyuma yake mtu alikuwa akimwita. "Nitaomba ruhusa. Sijui kama watanipa. Nitakupigia."

Bi Pasi aliondoka saa nane; zamu yake ilikuwa inamngoja. Mlangoni alisema matone yanayofuata ni saa kumi, na kwamba kesho atapita kabla ya kazi. Bwana Tayari akataka kumshukuru, yakamtoka maneno aliyowaambia wageni maelfu: "Karibu tena." Bi Pasi akacheka, akashuka ngazi.

Binti alipiga saa tisa. Ruhusa imekataliwa mpaka mwisho wa mwezi. "Hamna shida," Bwana Tayari akamwambia, kisha akajirekebisha: "Nitakusubiri."

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Hakuwahi kuwa nyumbani saa hizo siku ya kazi. Hakujua kwamba jua la alasiri huingia kwa dirisha la jikoni na kufika hadi kitandani, wala kwamba nyumba ya pili kuna mwanamke anayeimba akipika, vibaya, kwa sauti kubwa. Mwanamke akasahau maneno, akaanza upya. Bwana Tayari akamsikiliza mpaka mwisho.