Ghala Lenye Alama za Juu

Tajiri mmoja alinunua kampuni mbili, ya filamu na ya habari, akataka kujua ipi ni ngumu zaidi kudukuliwa ili mafaili yote yahamie huko. Kazi ya kuzilinganisha alipewa mkaguzi wa usalama wa mitandao, mwanamke asiyeamini kitu mpaka akipime.

Chumba cha habari kilimchefua. Watangazaji wote walitumia nenosiri moja, nalo limebandikwa ukutani juu ya birika la chai. Mdogo wake, mwandishi wa hapo, alimcheka.

"Dada, habari haisubiri mtu akumbuke nenosiri lake."

"Na mwizi anasubiri?"

"Aibe nini hapa? Vikombe vichafu?" Kisha akashusha sauti. "Kitu cha maana ni mahojiano ya yule muuguzi aliyefichua dawa bandia. Yako kwenye diski, ndani ya droo yangu. Nilimwahidi hatajulikana."

"Droo si ulinzi, mdogo wangu."

Kampuni ya filamu ilimpendeza. Filamu ambayo haijatoka ililindwa kama mboni ya jicho. Aliipa alama tisini. Ya habari ikaambulia arobaini. Kwa nguvu ya ripoti hiyo, hata diski ya droo ikachukuliwa, na yaliyomo yakaingizwa kwenye ghala la mtandaoni la kampuni ya filamu.

Alipima kuta, hakuwahesabu wenye funguo. Filamu hupita mikono mingi kabla ya kuonyeshwa: watia muziki, wasafisha sauti, wafasiri, kila mmoja na mji wake, na kila mmoja hupewa ufunguo wa ghala ili kazi isilale. Ndiyo desturi yao. Mkaguzi aliwahoji waajiriwa; vibarua wa nje hakuwauliza. Wadukuzi waliingia kwa ufunguo wa mfasiri mmoja, filamu wakaiacha, wakabeba mahojiano. Kufikia adhuhuri sauti ya muuguzi ilikuwa kwenye simu za watu.

"Filamu haikuguswa," mkurugenzi wa kampuni ya filamu alimwambia, akishusha pumzi. "Alama zako zimesimama, bibie."

"Na muuguzi?"

"Usitie chumvi. Jina halikutajwa."

"Waliofanya kazi naye wanahitaji jina la nini?"

Mkurugenzi alianza kusoma barua pepe zake.

Mkaguzi alimkuta mdogo wake mezani, akipiga namba ileile tena na tena. Droo ilikuwa wazi, tupu.

"Hapokei," alisema, bila kuinua macho. "Mara ya kwanza alipokea, nikamwambia aende kwa shangazi yake. Akaniuliza, kwani si uliniahidi?"

Maneno yote aliyokuwa nayo mkaguzi yalikuwa ya ripoti.

Simu ikapokewa. Mdogo wake akaruka kutoka kitini.

"Halo, uko wapi? Umeshatoka nyumbani?"

Ikajibu sauti ya mwanamume, tulivu, isiyo na haraka:

"Wewe ndiye mwandishi?"