Kumi Uwanjani Bunda

Kitenge walichotundika dirishani kilikuwa kipya, bado kina mikunjo ya dukani. Nakikumbuka vizuri kuliko sura za waliokitundika. Kilikuwa cha kijani chenye maua makubwa ya njano, na kilifunika dirisha la stoo ya uwanja kule Bunda, stoo ya chokaa na nyavu za magoli ambayo siku zote dirisha lake lilikuwa wazi na hakuna aliyejali. Ndani waliweka kiti kimoja cha plastiki. Juu yake alikaa nesi tusiyemjua, glovu mapajani, macho sakafuni. Mlangoni alisimama Makoye, katibu wa kamati ya ligi, amevaa tai kwenye jua lile.

"Kapteni," aliniambia, "mwambie aingie. Ni dakika moja tu."

Aliyetakiwa kuingia ni Rhobi, mshambuliaji wetu. Walitaka avue nguo nyuma ya kile kitenge, kabla ya mechi kubwa kuliko zote tulizowahi kucheza, ili wao wajue kama ni mwanamke.

Nikisimulia habari hii watu huniambia nipunguze sauti. Siipunguzi.

Msimu ule hakuna aliyetutarajia. Ligi ya Mwambao ni ligi ya wanawake, timu za kando ya ziwa na za kule ndani, na bingwa wake hupelekwa Mwanza kugombea nafasi ya kupanda daraja. Sisi, Mwigobero Queens ya Musoma, tulikuwa watu wa kumaliza katikati ya msimamo na kushukuru Mungu. Mimi nilikuwa beki wa kati na nahodha. Mchana nilikuwa nauza vipuri vya pikipiki Mtaa wa Mukendo, na bado nauza. Dorah, kipa wetu, alikuwa anasuka nywele sokoni, na mikono ile iliyozoea nyuzi nyembamba ilikuwa inadaka mipira kama inaokota kitu chake kilichodondoka. Tulikuwa na mioyo, tulikuwa na pumzi. Mfungaji hatukuwa naye.

Ndipo Mwalimu Renatus, kocha wetu, akamleta Rhobi.

Alimwona kwenye bonanza huko Butiama, akicheza peku na wasichana wa kijijini kwao. Rhobi alikulia nyuma ya ng'ombe wa baba yake. Kaka hakuwa naye, kwa hiyo fimbo alishika yeye, na sauti yake ikawa nzito kwa kuita mifugo kutoka bonde moja hadi jingine. Alikuwa mrefu, mabega mapana, kifua kidogo, mwendo wa mtu asiye na haraka mpaka mpira umguse mguuni. Hapo ulikuwa huoni tena mwendo. Ulikuwa unaona vumbi, halafu unaona wavu unatikisika. Kuongea alikuwa haongei sana. Alihamia chumbani kwangu Mwisenge, na asubuhi ya kwanza nilimkuta ameshafagia uwanja wote wa nyumba, hata upande wa majirani.

Aliifunga kila timu. Alifunga Kibara, ziwa likipuliza upepo uliokuwa unarudisha mipira nyuma. Alifunga Bukima, mvua inanyesha. Zikiwa zimebaki mechi mbili, tulikuwa tunaongoza ligi, na nyuma yetu, kwa pointi mbili tu, walikuwa Nyota Nyeupe ya Bunda. Mechi ya mwisho tungecheza nyumbani na timu iliyokwisha kukata tamaa. Kwa hiyo kila mtu alijua: atakayeshinda pale Bunda, huyo ndiye wa kwenda Mwanza.

Nao wa Bunda walijua vilevile kwamba mguu wa Rhobi hawauwezi.

Ilianza na picha kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtu alikuwa amempiga picha Rhobi akiruka kupiga kichwa, akachora duara jekundu kwenye mabega yake, akaandika chini: hii ni nini? Watu wakacheka. Kesho yake ikaja sauti yake, imerekodiwa akimwita mwenzake apige pasi. Baada ya hapo Gody, meneja wa Nyota Nyeupe, akatamka kwenye redio kwamba klabu yake ina mashaka, na kwamba anayasema kwa kuwapenda wanawake, ili wanawake wacheze na wanawake wenzao. Alisema hivyo kwa upole kabisa. Rhobi alikuwa amekaa kitandani kwangu anakata kucha. Aliendelea kukata hadi kidole cha mwisho, kisha akazima redio.

Niliudhika, lakini sikuogopa. Nilidhani ni maneno ya mpira, yanapulizwa na upepo yanaisha. Sikujua kwamba kuna watu wazima, wenye mihuri, walioyakalia kikao.

Basi tulipofika Bunda siku ile, tukiwa bado tunashusha mabegi, Makoye akatuita pembeni na kutueleza utaratibu. Ndivyo alivyouita, utaratibu. Pingamizi limeletwa, kamati imelipokea, mchezaji atakaguliwa. Nilimuuliza ni mchezaji gani wa Nyota Nyeupe atakayekaguliwa. Akasema hakuna aliyewalalamikia wao. Nilimuuliza kama yeye amewahi kukaguliwa kabla ya kukaa kwenye kile kiti cha ukatibu. Mwalimu Renatus akanigusa mkono ninyamaze.

Ningeweza kuyamaliza kwa sentensi moja. Nilikuwa nalala naye chumba kimoja, tunaoga bafu moja, mwezi wake ukimuumiza mimi ndiye niliyekuwa nampashia maji. Lakini nilipofungua mdomo niliona kwamba nikijibu, nimekubali kuwa ni swali. Nikaufunga.

Nesi alitoka nje kabla mtu yeyote hajaingia. Alinipita karibu, glovu ameshazikunja mkononi.

"Dada, mimi niliambiwa ni huduma ya kwanza," alisema chinichini, akaenda zake kuelekea barabarani, hakugeuka.

Nilidhani hapo wataona aibu. Makoye alitazama saa, akasema haidhuru, kuna njia nyingine: mzazi ameitwa, yuko njiani.

Walimpigia simu mama yake Rhobi asubuhi ile. Hawakumwambia sababu. Walimwambia anahitajika Bunda kwa jambo la mwanawe, jambo la mpira, afike mapema. Mama wa watu alipanda bodaboda kutoka kwao Butiama, akaunganisha gari, na alipoingia pale uwanjani alikuwa amevaa sare ya akina mama wa kanisani, kitambaa cheupe kichwani kimepigwa pasi, viatu vya kufunika ambavyo vilionekana kumbana. Nilimwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akanishika mikono yote miwili, akatabasamu kwa wote waliokuwepo, pamoja na Makoye.

"Picha tunapigia wapi?" aliuliza.

Alifikiri mwanawe anapewa zawadi.

Mwalimu Renatus aliinamisha kichwa. Makoye akakohoa, akamweleza mama kwa lugha ya ofisini, jinsia, uthibitisho, kwa mujibu wa kanuni, na mama akawa anaitikia kwa kichwa huku macho yake yananitafuta mimi. Mwishowe akaniuliza huyu baba anataka nini. Ikabidi nimwambie. Sijawahi kusema maneno machafu kama yale, ingawa ndani yake hakukuwa na tusi hata moja.

Mama alinyoosha kitambaa chake kichwani, kama mtu anayejiandaa kusoma somo mbele ya madhabahu.

"Huyu nilimzaa mimi," alimwambia Makoye. "Nyumbani, mvua inanyesha, mkunga ni mama mkwe wangu. Alikuwaga wa kike siku ile na ni wa kike leo. Na wewe baba, mama yako alishaulizwaga alizaa nini?"

Makoye alisema haina haja ya kufika huko. Akasema maneno ya mzazi wameyasikia, ila kamati bado ingependa ukaguzi. Huko nyuma yetu watu walikuwa wameanza kujaa kwenye kamba iliyozunguka uwanja, na vijana fulani wakaanzisha wimbo, mwanaume, mwanaume, wanapiga makofi. Mama alikuwa anausikia. Aligeuka kuwatazama mmojammoja, na nadhani alikuwa anatafuta kama kuna anayemjua.

Muda wote huo Rhobi alikuwa amesimama, mikono nyuma. Sasa akachuchumaa, akafungua kamba za viatu vyake, cha kulia kisha cha kushoto. Akavaa kandambili zake.

"Humo siingii," alimwambia Makoye. Kwangu akasema, "Nyie chezeni, dada Debora. Msiache." Akamshika mama yake kiwiko, wakatoka kwa geti dogo. Yule mama alikuwa anachechemea kwa vile viatu.

Kamati ikatupa masharti: tucheze bila Rhobi, au tusicheze na pointi ziende kwa wenyeji. Mwalimu Renatus alikuwa karibu kulia. Alitukusanya, akasema anajua tunavyojisikia, lakini ameisubiri nafasi hii tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na Rhobi mwenyewe amesema tucheze. Akamwambia Esta avae.

Esta alikuwa mshambuliaji wetu kabla Rhobi hajaja. Msimu mzima alikaa benchi, na hakuwahi kuficha kwamba hampendi Rhobi. Chakula chao walikuwa wanakula mbalimbali. Mechi ile ndugu zake walikuja kutoka Bugwema kumwangalia, kwa matumaini tu kwamba labda ataingia. Aliichukua jezi, akaitazama. Akaikunja, akaiweka kwenye benchi, akaikalia.

"Nafasi haijaachwa wazi," alisema. "Ina mtu."

Mwalimu aliwatazama wengine wa akiba. Kila mmoja akakuta kuna kitu cha kuangalia kwenye nyasi. Hivyo tukaingia kumi.

Refa alituhesabu, akahesabu tena, akaniuliza kama tunamsubiri mtu. Nilimwambia mtu wetu ameshaondoka. Akapuliza filimbi.

Sitasema kwamba tulicheza vizuri. Tulicheza kwa hasira, na hasira inachosha. Mwanzoni wale vijana waliendelea na wimbo wao. Dorah akadaka ya kwanza, akadaka ya pili akiwa amelala, akadaka penalti, na kila alipodaka alikuwa anaushikilia mpira na kuitazama ile kamba ya watu mpaka refa amwamuru aupige. Kufikia mapumziko wimbo ulikuwa umekwisha. Kipindi cha pili mama mmoja muuza maji alituletea ndoo nzima pembeni, akakataa hata shukrani. Jua lilikuwa linashuka, miguu yangu ilikuwa kama imefungwa mawe, na bado ilikuwa sifuri kwa sifuri. Sare ingetutosha. Nilianza kuamini.

Karibu na mwisho wakapata kona. Kwenye kona zote za msimu ule, Rhobi ndiye aliyekuwa anarudi kulinda mlingoti wa mbali, kwa urefu wake. Tulikuwa tumezoea hivyo, wala hatukuwa tunaambiana tena. Mpira ukapigwa juu, ukatupita sote, ukaenda kushukia palepale. Msichana wao hakuhitaji hata kuruka.

Baada ya filimbi ya mwisho Gody alinifuata, mkono ameunyoosha, akasema mpira ndivyo ulivyo, kapteni. Niliuacha mkono wake hewani. Wengine walisema nilikosa uungwana. Sawa.

Nyota Nyeupe walikwenda Mwanza. Mechi yetu ya mwisho tulishinda, mbele ya watu wachache, na hakuna aliyeshangilia. Rhobi hakurudi Mwisenge. Vitu vyake nilivifunga mwenyewe. Miezi ikapita. Ligi ilipokuwa inajiandaa kuanza tena, likatumwa tangazo fupi kwenye simu zetu, kwamba kamati imelipitia pingamizi lile, imekuta halikuwa na ushahidi, na imejiridhisha kwamba mchezaji anaruhusiwa kucheza. Pole haikuwemo. Hata jina lake walikuwa wamelikosea.

Nililipeleka tangazo Butiama, pamoja na vitu vyake. Niliwakuta shambani wanachimba mihogo, Rhobi na mama yake, wameloa jasho. Nikawasomea. Rhobi alisikiliza, akafuta udongo kwenye jembe kwa kidole gumba. Alisema atafikiri. Mama ndiye aliyeniomba nirudie lile neno, imejiridhisha, nami nikalirudia.

"Wao wameridhika," alisema. "Mimi sijaridhika." Akainama, akaendelea kuchimba.

Rhobi alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Alikuja Musoma siku mbili kabla ya mechi ya ufunguzi, bila kupiga simu, akaanza kufagia uwanja wa nyumba kana kwamba aliondoka jana. Siku ya mechi alivaa, akafunga viatu, akatoka na wenzake, na watu wa Musoma wakasimama.

Kule jukwaani kulikuwa na meza kuu, kitambaa cheupe, maji ya chupa, viti vya wageni wa heshima. Makoye alikuwa amekaa katikati. Nikiwa nasubiri kurusha sarafu na refa nilimwona mama yake Rhobi anapanda ngazi taratibu, sare ileile ya kanisani, lakini safari hii amevaa ndala. Alipita safu zote za mashabiki, akachukua kiti kwenye meza kuu, akakigeuza, akakiweka mbele ya Makoye kabisa, akakaa. Kijana wa itifaki alimfuata kumweleza kwamba vile ni viti vya viongozi. Baadaye niliambiwa kwamba mama alimjibu neno moja tu, "Najua," na yule kijana akarudi alikotoka.

Filimbi ikalia. Rhobi aliugusa mpira wa kwanza, uwanja mzima ukapiga kelele. Mama hakugeuka kuangalia. Alikuwa anamwangalia Makoye.