Mkono wa Kapteni Barnabas

Kezia Pobjoy alikuwa bado anambembeleza muuza samaki wa soko la Leather Lane apunguze bei ya heringi, iliyopanda tena, muuzaji wa meza ya pili akakunjua gazeti la Jumamosi.

"Mama Kezia! Kapteni wako ameota mkono! Amemwagilia nini?"

Soko likaangua kicheko. Kezia akatazama picha ya hadithi ya gazeti, aliyoichonga mwenyewe. Juma lililopita, kwenye hadithi hiyo, papa alimla Kapteni Barnabas mkono wa kushoto. Leo Kapteni anafungua mlango kwa mkono wa kushoto huohuo, na wa kulia ndio haupo!

Mchonga picha huchonga kibao kinyume, maana kikigonga karatasi, kushoto hugeuka kulia. Hata mtoto anayejifunza kazi hiyo hujua hilo kabla ya kujua kufunga viatu. Lakini makaa nayo bei yake ilikuwa haishikiki, chumba baridi, vidole vimekufa ganzi, na Kezia alikuwa amechonga kama alivyoona. Naye ni mjane; kazi ikimtoka, kilichobaki ni nyumba ya kutunzia maskini, ambako uji ni mwepesi hadi unaweza kusoma gazeti lililozama ndani yake.

Akaenda mwenyewe kwa mhariri, kabla hajaitwa.

"Barua za tangu asubuhi zimejaa vikapu!" Bwana Crimple alifoka, na wino ukatetemeka chupani. "Daktari mmoja anauliza hiyo dawa ya kuotesha mikono inauzwa wapi! Kusanya vifaa vyako, bibie."

"Bwana, sijawahi kukosea..."

"Umeshakosea. Nenda."

Hapo akaingia Septimus Lovell, mwandishi wa hadithi, macho mekundu kwa pombe ya jini. Kawaida yake aliitazama kwanza picha iliyotoka ndipo aandike sehemu ya juma linalofuata, na leo hakuwa na hata sentensi moja. Akaikodolea macho ile picha.

"Mnagombana nini? Huyu si Barnabas. Ni pacha wake."

"Pacha gani?" akauliza mhariri.

"Aliyeiba wosia. Papa alimla mkono wa kulia."

"Papa yuleyule?"

"Yuleyule. Ana kinyongo na ukoo mzima."

Bwana Crimple alifungua mdomo amtukane, lakini kelele za barabarani zikamwahi. Wauza magazeti walikuwa wamebana mlango wa chini, nakala zimewaishia, wanataka nyingine: mji mzima ulitaka kuuona huo mkono. Akachungulia dirishani. Aliporudi kitini uso ulikuwa umelainika kama siagi.

"Mpango wangu umefanikiwa," akasema.

Kezia akapumua. Pumzi ile alikuwa ameibana tangu sokoni.

"Basi nibaki, bwana?"

"Utabaki. Ila kosa ni kosa. Juma hili hulipwi."

"Kosa lililokuuzia gazeti?"

"Adabu, bibie! Lazima ujifunze."

Septimus akakohoa, akatazama dari. Kezia akaokota kibao kipya cha kuchonga, akakipangusa kwa aproni taratibu, akasimama mlangoni.

"Na nikikosea tena Jumamosi ijayo, bwana, nikamwondolea mguu?"

Mhariri alikunja uso. Chini, watu walikuwa wanapiga mlango kwa ngumi. Akatega sikio, kisha akainama mbele, sauti ya chini kama anayeulizia siri.

"Mguu upi?"

Kezia alifunga mlango polepole, akashuka ngazi, kazi bado anayo.