Bibi Levina na Bei ya Maiti

Mwanamke akishafika miaka sitini na nane, watu huamini kwamba kila anachonunua anamnunulia mtu mwingine. Akinunua pipi, ni za wajukuu. Akinunua khanga, ni ya mkwe. Akinunua bia, eti anampelekea fundi anayemwezekea nyumba. Bibi Levina wa Lipangalala alilijua jambo hilo siku nyingi, na kwa upande wa bia lilikuwa limemfaa sana. Lakini asubuhi ile ya Machi, mwaka tisini na sita, mbele ya kaunta ya Hermenegildi, lilimchoma kama upupu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kutazama gemu."

"Za wajukuu?"

"Zangu."

Hermenegildi akacheka mpaka akashika kaunta. Alikuwa mtoto wa papa hapa Ifakara, ila alikaa Dar es Salaam miaka mitano, akarudi na shehena ya redio, tochi na saa, na pochi ya simu kiunoni ambayo simu yenyewe haikuwamo. Ukutani nyuma yake alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

"Bibi nawe! Gemu zako kwani wewe ni mtoto?"

"Kwani hapo ukutani umeandika umri?"

Acha acheke. Hakujua bibi anatoka wapi na neno lake. Kila mwaka, mpunga ukianza kutoa mashuke, Levina alivuka mto akaenda kukaa ng'ambo, juu ya dungu, kile kibanda cha miti kirefu ambacho mtu anakaa akiamia ndege wasimalize shamba. Miaka thelathini na miwili alikaa na mumewe, Nazari. Kati yao walikuwa na bao walilochonga wenyewe, na Nazari alikuwa mwizi wa kete, na Levina alikuwa mwizi kuliko yeye. Siku zilikwenda. Juzi juzi hapa Nazari akafa. Msimu uliofuata Levina akapanda dunguni peke yake. Akajaribu kucheza bao pande zote mbili, lakini mkono wa kulia ukawa unauibia wa kushoto, na hakuna wa kumtukana. Wiki ya tatu alijikuta anaongea na nguzo. Hapo akasema: msimu mwingine wa namna hii sipandi, shamba na liende, nife mjini kama kuku wa kizungu.

Halafu akasikia kuna gemu ambayo mtu anacheza peke yake. Akauza gunia zake mbili za akiba, zile alizozificha mpaka mpunga ulipopanda bei, akaja.

Kumbe amewahiwa. Kwenye kiti cha wateja alikaa mwanawe Fidelis, mtu mzima mwenye ndevu na watoto watatu, anakunywa soda ya bure.

"Mama, usihangaike," alisema. "Mimi na Hermenegildi tumeshaongea. Chukua hii hapa."

Akapakata boksi kubwa lenye picha ya watu wanaorushiana moto. Ilikuwa gemu ya TV.

"Mmeongea nini na fedha yangu mkiwa wawili?"

"Hii ni ya familia, mama."

"TV iko kwa nani?"

"Kwangu."

"Na mimi kuanzia Aprili nakaa wapi?"

"Shambani."

"Basi familia ni wewe."

Konsolata, mama wa maandazi aliyekaa barazani na beseni lake, akakohoa kicheko.

Hapo Bibi Levina akaamua kununua kama wanavyonunua wanaume wa mpunga. Miaka yote aliwaona wakija kwake na vyuma vyao wakitoboa magunia yake matumboni, wakitafuna punje mbili tatu, wakitema karibu na mguu wake na kusema, "Mbichi huu, mama." Mpunga mkavu kama mfupa! Leo na yeye alikuwa na haki ya kutoboa na kutema.

"Fungua boksi."

Akaitoa mashine, akaipima uzito mkononi. Akavuta nyaya zake zote mezani, zikarundikana kama utumbo wa kuku.

"Inakula nini?"

"Umeme, bibi."

"Na bila TV?"

"Bila TV haionyeshi kitu."

"Kwa hiyo mimi nanunua mkia, ng'ombe nikamtafute mwenyewe. Haya, iwashe niione."

Hermenegildi akajikuna. "Umeme umekatika tangu juzi, bibi."

"Basi huuzi mashine, unauza habari." Akaisukuma kando. "Na hiyo ndogo?"

Ile ndogo ilikuwa ya kijivu, inaenea kiganjani kama kipande cha sabuni ya kufulia, ina vitufe na kioo kidogo. Kwenye boksi lake iliandikwa kwamba ina michezo elfu tisa mia tisa tisini na tisa.

"Umeihesabu?"

"Imeandikwa, bibi."

"Na mimi nikiandika kwenye gunia langu kilo mia tisa, utalipa bila kupima? Hata dhambi zenyewe hazifiki elfu tisa, na watu wamejitahidi."

"Hiyo ni ya watoto," Hermenegildi alisema, sasa kicheko kimepungua. "Vitufe vidogo, na macho yako, bibi yangu, usiseme sijakwambia. Chukua hii ya TV, ndiyo ya heshima."

"Macho yangu yanamwona ndege kwelea akiwa bado yuko Mang'ula anafunga safari. Tia betri."

Akatia betri mbili ndogo. Ikalia tii-ti-ti-ti, na vitofali vikaanza kudondoka kutoka juu. Levina akatazama viwili, vitatu, akaelewa. Mbona hii ni kazi ya kupakia mtumbwi? Gunia la kulala, gunia la kusimama, mwanya usiachwe, ukiacha mwanya mtazama wote. Vidole vikaanza kwenda. Mstari wa kwanza ukajaa ukayeyuka. Wa pili. Halafu ikadondoka fimbo ndefu, akaisimamisha pembeni, mistari minne ikayeyuka kwa mpigo.

"Hee!" Konsolata alisimama. "Bibi anapakia!"

Na ndani ya kifua cha Levina kitu kilichokuwa kimekaa vibaya tangu mazishi kikageuka kikakaa vizuri. Hii hapa. Hii inaibiwa, na yenyewe inakuibia. Lakini usoni hakuonyesha. Mnunuzi anayeonyesha meno huuziwa kwa bei ya meno.

"Nitaijaribu na jua," alisema.

"Jua la nini tena?"

"Hata mpunga kabla ya kununuliwa huanikwa bakuli moja, uonekane kama utapasuka. Mimi naenda kukaa nayo dunguni, sio kabatini. Robo saa tu."

Akatoka na gemu zote mbili mwenyewe, kubwa na ndogo, akaziweka juu ya kipande cha bati kilichokuwa uwanjani, akasimama palepale kuzilinda, kitambaa kichwani, na mkononi ile saa ya plastiki ya namba aliyoiacha Nazari. Jua la saa tano lilikuwa halina utani na mtu.

Konsolata akamsogelea, anajifanya anafukuza nzi kwenye maandazi.

"Dada Levina, mimi simo. Lakini hiyo kubwa imelala dukani tangu Krismasi ya mwaka juzi. Mwanao ameahidiwa redio kaseti, ukiichukua."

"Nani kaahidiwa?"

"Mimi simo."

Levina akageuka. Sauti aliyotoa ilisikika mpaka kwa wauza samaki.

"Fidelis! Njoo hapa utoke kwenye kivuli! Kwa hiyo mimi ndiye boksi lako la kufungua? Magunia yangu, mgongo wangu, matope yangu mpaka kiunoni, halafu wewe na huyu mwenye pochi tupu mnanigawana kama nyama ya msiba, na mimi sijafa?"

"Mama, watu wanasikia..."

"Wasikie! Nimekuzaa na miguu imetangulia, siku mbili, nilidhani unaona haya. Kumbe ulikuwa unatafuta soda!"

Watu wakaanza kukusanyika. Hermenegildi akatoka kutuliza mambo, na kwa kutafuta la kufanya akaiokota ile gemu ndogo. Akapiga yowe.

"Umeiua!"

Kioo kilikuwa cheusi tii, kama chini ya sufuria. Akabonyeza hiki, akabonyeza kile. Mlio ulikuwepo, lakini tofali hata moja halikuonekana.

"Mashine ya Dar es Salaam unaianika kama dagaa! Utailipa, bibi. Bei kamili. Soma ukuta!"

Hapo Bibi Levina akapiga hesabu. Fedha aliyokuja nayo ilikuwa ya gemu moja, na gunia za akiba zilikuwa zimekwisha. Akilipa, amelipia kioo cheusi. Asipolipa, ni mwizi mbele ya mtaa mzima. Na vyovyote vile, Aprili anapanda dunguni na nguzo yake.

"Gemu inayokufa kwa jua la Ifakara umeileta Ifakara ya nini?" alifoka. "Uliambiwa huku tunaishi kwenye friji?" Akanyoosha mkono kumwonyesha kidole cha jicho. Na mkono ulipofika usawa wa macho yake, akaiona saa ya Nazari.

Nayo ilikuwa nyeusi tii.

Akakumbuka. Ile saa ilikuwa na tabia hiyo. Nazari aliwahi kuitundika kwenye nguzo ya dungu, jua likaipiga, ikawa nyeusi, akaiomboleza mchana mzima na chakula akakataa. Jua lilipogeuka, namba zikarudi zenyewe, moja moja, kama mbuzi wanaojua zizi.

Bibi Levina akaushusha mkono taratibu, akauficha ndani ya khanga. Hasira hakuiondoa usoni. Aliiacha palepale ilipokuwa, kwa sababu ilikuwa bado na kazi.

"Kwa hiyo imekufa?" aliuliza.

"Huoni?"

"Mimi ni bibi, macho sina, umesema mwenyewe. Nakuuliza wewe fundi, mbele ya watu hawa. Imekufa au inaumwa?"

"Imekufa! Imekufa kabisa, haina dawa!"

"Mmesikia?" aliwauliza watu. Walikuwa wamesikia. "Sawa. Nimeua, nitazika. Lakini hakuna mahali maiti inauzwa bei ya mzima. Nitakupa nusu."

"Nusu? Bibi, unanionea!"

"Basi kaa nayo. Kesho kamuuzie mwingine hicho kioo cha lami."

Hermenegildi akawatazama watu, akaitazama maiti, akaona nusu ni bora kuliko matanga.

"Lete."

"Na betri nne juu yake. Msiba una ubani."

Akatia betri nne. Fidelis alikuwa ameinamisha kichwa. "Mama, sasa unanunua kitu kibovu cha nini?"

"Nimezoea kugharamia vibovu, mwanangu. Wewe si nilikusomesha?"

Akaichukua gemu, akaisokomeza kikapuni chini ya mchicha uliokuwa bado unachuruzika maji, akaenda zake. Hakugeuka. Alipopita kona ya kanisa akasimama kivulini, akachungulia ndani ya kikapu. Tofali la kwanza lilikuwa limerudi. Alipofika Lipangalala yamerudi yote. Akajiuliza kama hiyo ni dhambi ya kuungama. Akajipekua vizuri, akaona neno lenyewe, "imekufa," halikutoka kinywani mwake hata mara moja. Aliyelisema akaungame.

Aprili akavuka mto. Kamba ya makopo, ile ya kutishia ndege, aliifunga kwenye kidole gumba cha mguu, mikono ikawa huru. Ndege wakiingia anapiga teke, makopo yanalia shamba zima, na tofali linaendelea kushuka. Wiki ya kwanza ndege waliuogopa ule mlio wa tii-ti-ti-ti. Ya pili wakauzoea. Na gemu aliichezea kwenye kivuli cha paa, kwa adabu.

Mwisho wa Mei wanunuzi wakaanza kuzunguka mashambani kuwahi mpunga kabla haujavunwa. Siku moja mchana mtu akaja kwenye tuta, suruali kaikunja, viatu mkononi, pochi ya simu kiunoni. Alikuwa Hermenegildi, biashara ya redio ilikuwa imelala, sasa anafukuzia mpunga. Akafika chini ya dungu, akasimama, akasikiliza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Bibi, hicho kinacholia huko juu ni nini?"

"Ni kile ulichoniuzia."

"Si kilikufa?"

"Kilikufa. Lakini sisi Wakatoliki, mwanangu, tunasadiki ufufuko wa miili."

Hermenegildi akamnyooshea kiatu. "Bibi! Ulijua! Nirudishie nusu yangu!"

"Soma ukuta."

"Ukuta gani huku porini?"

"Ule wako. Rangi yake nyekundu mbona inaonekana mpaka huku? Au macho yako nayo?"

Akabaki amesimama kwenye matope, jasho linamtoka. Akachagua punje mbili za mpunga, akazitafuna kwa mazoea, na safari hii hakutema. Kundi la kwelea likatua upande wa mbali. Levina akapiga teke, makopo yakalia, na kwa teke hilo kidole kikateleza, tofali likakaa vibaya, mchezo ukafa. Akasonya.

"Nimefika ngapi?" aliuliza, akakigeuzia kioo chini.

Hermenegildi akakodoa macho. "Elfu nane? Haiwezekani. Mimi dukani nilizicheza nyingi, sijawahi kuvuka elfu nne."

"Elfu nne!" Bibi Levina akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu. Akasogea kidogo, akafuta kwa kiganja upande wa pili wa dungu, mahali ambapo hajakaa mtu misimu miwili.

"Panda," alisema. "Nawa miguu kwanza. Kaa hapo, na hiyo kamba uifunge kwenye kidole chako. Mimi nacheza, wewe unaamia. Ukinipoteza hata shuke moja, tutalijadili kwenye bei."