Wiki ya Pili Katika Meli Ileile

Barua ilipenyezwa chini ya mlango siku ya sita ya safari, wakati mkunga amekaa ukingoni mwa kitanda akijikanda miguu. Alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini na minne katika wodi ya wazazi, na mazoea ya kusoma kila karatasi kuanzia kichwa hadi sahihi hayakumtoka. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

"Wapendwa wageni wetu mnaoendelea na safari ya pili." Akaigeuza barua nyuma, hakukuwa na kitu. "Baba watoto, hawa watu wamekosea mlango. Sisi tunashuka kesho kutwa."

Mumewe, fundi saa, alikuwa ameinama anatafuta soksi ambayo tayari alikuwa ameivaa. Alikuwa mtu mpole, na kudanganya hakukumkaa vizuri. Masikio yake yalikuwa yakiwiva kama ya mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

"Hawajakosea," alisema.

Ndipo yakatoka, moja baada ya jingine, kama anang'olewa jino. Safari hii ya wiki moja walikatiwa na mtoto wao wa kiume, mhandisi wa barabara, kwa kutimiza miaka arobaini ya ndoa. Hilo mkunga alilijua. Tiketi alikabidhiwa mezani, watu wakapiga makofi. Asilolijua ni kwamba binti yao, mfamasia, ambaye hakuja siku ile kwa sababu kaka yake alikuwepo, naye aliwakatia wazazi wake safari ya wiki moja. Alimwambia baba tu, akamwapisha asiseme, maana alitaka mama ashtukie. Baba alipoulizwa lini watakuwa na nafasi, akataja tarehe ambayo safari ya kwanza ingeisha. Binti akatafuta meli inayoondoka bandarini tarehe hiyo. Ikawa ndiyo hiihii, inarudi asubuhi na kuondoka jioni, njia ileile, vituo vilevile.

"Na hukusema."

"Ningemwambia mmoja kwamba mwenzake ameshatukatia, angeifuta ya kwake. Halafu yangekuwa mengine. Unawajua."

Aliwajua. Miaka mitatu iliyopita, kwenye sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi, kaka alishika kipaza sauti akasema mbele ya ukoo mzima kwamba bwana harusi yule hamalizi mwaka. Bwana harusi alikuwa bado yupo, mwaka wa tatu sasa, anaosha vyombo na kulea. Lakini ndugu wale wawili hawakusemezana tena, hata msibani walikaa kila mtu upande wake.

Mkunga alitazama sanduku. "Ndiyo maana ulinipakia dawa za presha za wiki mbili. Mimi nikasema mzee ameanza kunijali."

"Nakujali."

"Nina magauni manne!"

Siku ya kubadilisha safari, mkunga alidhani mtu anayeendelea anabaki kitandani kwake, anawapungia mkono wanaoshuka, basi. Kumbe. Barua ilitaka chumba kiwe wazi saa mbili asubuhi. Chumba walichokatiwa na kijana wao kilikuwa sitaha ya saba, chenye dirisha pana. Cha binti kilikuwa sitaha ya tatu, ndani kabisa, hakina hata tundu. Alipanga foleni mapokezi kuuliza kama hawawezi kuachwa walipo. Dada wa mapokezi akatabasamu.

"Mama, chumba chenu kina wageni wapya jioni hii. Kwenye kompyuta hizi ni safari mbili tofauti."

"Na sisi je? Kwenye kompyuta ni watu wanne?"

"Kwa leo, ndiyo, mama."

Tabasamu halikusogea. Mkunga alilijua tabasamu lile. Yeye mwenyewe aliwahi kulivaa mbele ya wakwe waliotaka kuingia wodini nje ya saa za kutazama wagonjwa. Halikumpunguzia hasira hata chembe.

Wakahamishwa. Mhudumu wa chumba akachukua magauni manne yakiwa kwenye hanga, akashuka nayo. Kisha wanaoendelea wote, watu tisa, wakaambiwa wakusanyike kwenye ukumbi wa sitaha ya tano wakiwa na pasi zao za kusafiria na kadi mpya. Hapo ndipo alipokutana na mama mmoja mnene, mchangamfu, viatu vya raba miguuni, ambaye mabaharia walimwita Mama Meli. Alikuwa anaingia safari ya tano mfululizo.

"Mara yako ya kwanza kuunganisha safari?" Mama Meli alimuuliza, akimsogezea kiti. "Basi nikwambie mapema usije ukaumia roho. Chakula ni kilekile, siku kwa siku. Ulichokula Jumatatu ndicho utakachokula Jumatatu. Mchekeshaji ni yuleyule na vichekesho vyake vilevile. Mazoezi ya kujiokoa mtafanya tena, hata kama jaketi unalivaa umefumba macho. Na dawa usiziweke kwenye sanduku linalobebwa, kaa nazo mkononi."

"Sasa raha iko wapi?"

"Mimi nyumbani hakuna mtu," alisema Mama Meli kwa sauti ileile ya uchangamfu. "Hapa ninapita kwenye korido naitwa jina langu."

Mkunga alimgeukia mumewe amtambulishe, akakuta kiti kitupu.

Robo saa ikapita. Nusu saa. Ofisa mmoja mwenye redio mkononi akaingia, akahesabu vichwa, akahesabu tena. Meli haiwezi kupokea wageni wapya, alieleza, mpaka hesabu ya wa zamani ifike sifuri: kila mtu ashuke, hata anayeendelea, akanyage nchi kavu, agongewe pasi, ndipo arudi. Na ukiondoa wale wanane waliokuwa ukumbini, mashine ya langoni ilikuwa inaonyesha kuna mgeni mmoja hajulikani alipo. Vipaza sauti vikaanza kumwita fundi saa kwa jina lake kamili la kwenye pasi, ambalo mkunga alikuwa hajalisikia likitamkwa tangu siku ya ndoa. Wote wakamtazama.

"Yuko wapi mzee wako?" ofisa aliuliza.

"Ningekuwa najua ningekuwa nimekaa hapa?"

Akainuka. Magoti yalilia, lifti zilikuwa zimejaa mashuka machafu, akapanda ngazi ofisa akimfuata nyuma. Sitaha ya saba milango yote ilikuwa wazi, mashine za kufyonza vumbi zinanguruma. Kwenye chumba chao cha zamani mashuka yalikuwa yamevuliwa, na juu ya godoro tupu alikaa mumewe, mgongo mlangoni, kidole kimoja sikioni na simu kwenye sikio la pili. Kwa kuwa walikuwa bandarini, mtandao ulikuwa umerudi.

"Ndiyo kwanza tunapanda, mwanangu," alikuwa anasema. "Mama yako? Ameshtuka, hajaamini macho yake. Anasema hajawahi kuona meli kubwa hivi. Wiki nzima simu ilikuwa mbovu, si unajua simu zetu... Hapana, kaka yako sijaongea naye. Sijui habari zake."

Mkunga alisimama pale mlangoni. Alijua mumewe anawaficha watoto mambo. Mzazi gani hafichi. Lakini hakujua alikuwa anaficha kwa wepesi huu, bila kukwama, bila masikio kuwiva, kama mtu anayesoma maneno aliyoyakariri. Miaka mitatu mzee wa watu alikuwa anazishona simu mbili mbalimbali, huku hivi, kule vile, ili kila mmoja aamini mwenzake hayupo duniani. Na yeye mwenyewe alikuwa amemwachia kazi ile, maana ilikuwa rahisi.

Simu ilipokatika, mzee aligeuka, akamwona.

"Yule mmoja," ofisa alisema kwenye redio. "Nimempata. Tunashuka."

Waliposhuka walikanyaga lami ya bandari kwa dakika nne. Wakagongewa pasi, wakazungushwa, wakaingia mlango uleule, mpiga picha akawasimamisha mbele ya pazia lenye mnazi wa kuchora. "Karibuni kwa mara ya kwanza! Tabasamu!" Mkunga hakutabasamu. Picha ile ilibandikwa ukutani kesho yake na kila aliyepita aliicheka.

Wiki ya pili ikaenda kama Mama Meli alivyosema. Walivaa majaketi ya kujiokolea, wakasikiliza filimbi ileile. Jumatatu ikaja na kuku wa Jumatatu. Taulo likakunjwa umbo la tembo, juu ya kitanda ndani ya chumba ambacho ukizima taa hujui kama ni asubuhi au jioni. Mchekeshaji aliposema, "Basi mke wangu akaniambia nichague, yeye au gari," mkunga alimalizia kwa sauti toka safu ya tatu, "Na hadi leo ninayakumbuka mapishi yake!" Ukumbi ukaangua kicheko. Mchekeshaji akatoa macho. Yeye hakuwa ametaka kumharibia kijana wa watu. Maneno yalimtoka tu, kama kikohozi.

Lakini kilichomkera si kuku wala tembo wa taulo. Kilichomkera ni kwamba kila kilichojirudia kilimkumbusha kwa nini kinajirudia. Alikuwa amezalisha maelfu ya watoto wa wenzie, amewatuliza wanawake walioapa kuua waume zao, na wawili wake mwenyewe walikuwa wamemshinda hata kukaa meza moja.

Siku ya nne meli ilitia nanga kwenye mji uleule wenye soko lilelile. Mkunga alikataa kwenda kutembezwa. Alikaa na mumewe kwenye benchi karibu na geti la bandari, akamwita Mama Meli.

"Unajua kuunganisha watu wawili kwenye simu moja?"

"Kitu kidogo." Mama Meli akabonyeza hapa na pale, akamrudishia simu, kisha kwa adabu akaenda kutazama kofia ambazo hakuzihitaji.

"Mama!" ilikuwa sauti ya kijana. "Mmefika nyumbani salama? Mbona kimya tangu Jumamosi?"

"Mama, shikamoo," sauti ya binti ikaingia. "Nani huyo anaongea?"

Upepo ulisikika kwenye simu zote tatu.

"Marahaba. Hakuna atakayekata," alisema mkunga. "Nyamazeni, mimi ndiye ninayesema. Niko melini. Nimo humu siku ya kumi na moja. Wiki ya kwanza alinileta mmoja, ya pili mwingine, meli moja, njia moja, kuku mmoja. Nimevaa jaketi la kuzama mara mbili. Nimepigwa picha na mnazi wa uongo mara mbili. Kwa nini? Kwa sababu ninyi hamwezi kuulizana, 'Mwenzangu, wazee umewafanyia nini?' Maneno manne!"

"Meli ipi?" kijana aliuliza.

"Si hiyohiyo!" alidakia fundi saa, aliyekuwa ameinamia simu begani kwa mkewe. "Ila sasa tuko chini, chumba hakina dirisha..."

Alijua amekosea kabla hajamaliza.

"Umemkatia Mama chumba kisicho na dirisha?" kijana alifoka.

"Wewe usiniseme! Nimewapa nilichoweza. Mume wangu amefanya kazi zamu mbili kwa ajili ya safari hii, yule uliyesema hamalizi mwaka!"

"Nilishasema nilikuwa natania!"

"Ulimtania nani? Ulimwambia nani? Mimi hukuniambia!"

Simu ikakatika upande mmoja, kisha wa pili. Mkunga alibaki ameishika, machozi ya hasira yakimlenga.

"Nilikwambia," alisema mumewe taratibu.

"Hukuniambia kitu. Miaka mitatu hukuniambia kitu, na mimi sikukuuliza. Na kuanzia leo hubebi maneno ya mtu. Akikuuliza habari za kaka yake, mpe namba."

Mzee akainamisha kichwa. "Nilikuwa nimechoka," alisema, na mkunga akaona ni kweli. Alikuwa amechoka kama mtu aliyeshikilia mlango kwa bega muda mrefu. Akamwekea mkono mgongoni, ingawa hasira haikuwa imeisha.

Siku tatu zilizobaki watoto hawakupiga. Asubuhi ya kushuka, mkunga aliagana na Mama Meli, aliyekuwa anaelekea ukumbini kwa ajili ya safari ya sita. Wakatoka getini na masanduku yao, wakitafuta teksi.

Kijana alikuwa amesimama upande wa kulia wa uzio, funguo za gari mkononi. Binti alikuwa upande wa kushoto, funguo mkononi. Kati yao ungeweza kuegesha basi.

"Twende, Mama, gari liko hapa."

"Mama, mimi nimefika tangu alfajiri."

Wote wawili wakashika sanduku moja. Mkunga alihisi kichwa kinamgonga. Alikuwa anataka kitanda chake, dirisha lake, chakula ambacho hajakijua tangu wiki iliyopita.

"Sigawanyiki," alisema. "Gari moja. Lolote. Mkishakubaliana mniite." Akaenda kukaa kwenye ukingo wa saruji, akavua viatu.

Walianza kwa minong'ono, wakapandisha sauti. Dirisha likatajwa. Kipaza sauti kikatajwa. Binti alilia, akafuta machozi kwa hasira, akaendelea. Kijana alisema jambo akiangalia chini, mara moja, na alipoombwa alirudie, akalirudia. Wapagazi walipita wakiwakwepa.

"Wanaongea," alisema fundi saa.

"Wanagombana."

"Ndiyo. Lakini uso kwa uso."

Karibu saa nzima ilipita. Hatimaye binti alirudi kufunga gari lake pale kwenye maegesho, akaja, akafungua mlango wa nyuma wa gari la kaka yake, akaingia bila kumtazama mtu. Kijana akapakia masanduku. Njia nzima binti alitazama nje ya dirisha, kijana akatazama barabara. Walipokaribia nyumbani, kaka mtu akauliza, kwa sauti ya kukwaruza, kama mtoto wa dada yake ameshaanza kutembea.

"Anatembea," binti alijibu. "Tangu mwezi wa tatu."

Mkunga alifumba macho. Miguu ilikuwa imemvimba, na bado alikuwa na hasira nao wote watatu.