Nyanjige Mbele ya Mpimaji

Nyanjige aliingia chumba cha mazoezi ya viungo cha hospitali pale Bariadi akijikaza asichechemee. Fimbo alikuwa ameiacha nje makusudi. Mguu wa kushoto ulimtetemeka ndani ya kitenge, naye akauombea usimwaibishe.

Msimu uliopita, wanunuzi binafsi walipokuwa wakigombania pamba ya kijijini kwake Dutwa na kila mkulima akikimbilia mzani wenye bei nzuri, Nyanjige alianguka kutoka juu ya gari la ng'ombe lililojaa magunia. Nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya. Shemeji yake Salu, mdogo wa marehemu mumewe, akaja na uamuzi wake: hospitali ikithibitisha kwamba hajiwezi, watoto wataenda kukaa kwake Nkoma, na shamba atalilima yeye. Sasa Salu alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia magotini, akisubiri kusikia.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimia kwa Kisukuma mtaalamu wa mazoezi, mama wa makamo aitwaye Apolonia.

"Mwangaluka," alijibu Nyanjige.

Alitarajia kuminywa mguu. Badala yake aliulizwa anapika wapi, kisima kikoje, kanisani anakwendaje, nani humsaidia.

"Nafanya yote mwenyewe," alisema harakaharaka. "Maji nachota. Nalima. Sina shida yoyote."

Salu akakohoa.

Apolonia akaweka mbele yake ndoo yenye maji nusu. "Hebu ipeleke mpaka dirishani."

Nyanjige akaishika, akanyanyuka. Hakufika mbali. Nyonga ilikataa, maji yakamwagika, naye akajikuta amekaa sakafuni, kitenge kimelowa chapachapa.

"Si umeona?" Salu alisimama. "Andika hajiwezi."

"Jamani, msininyang'anye wanangu!" Nyanjige aliangua kilio.

Apolonia alimwinua, akamkalisha kitini. "Kumbe ndicho unachoogopa." Akamgeukia Salu. "Baba, zamani tuliangalia mguu tu. Huyu anaandika kilema, yule anaandika mzima, kila daktari na lake. Siku hizi wapimaji tunauliza maswali yaleyale, iwe hapa au Mwanza: mwili una nini, mtu anafanya nini, na pale anapoishi kitu gani kinamzuia, kipi kinamsaidia. 'Hajiwezi' si jibu la swali lolote kati ya hayo."

Fimbo ililetwa. Nyanjige alizunguka chumba nayo, polepole, bila kuanguka. Safari hii alisema kweli: kupika anaweza, kuchuma pamba anaweza, kupalilia anaweza akikalia kigoda. Maji ndiyo hawezi, kwa sababu njia ya kisimani ina mteremko unaoteleza.

"Basi kinachokosekana pale nyumbani ni mtu wa maji," alisema Apolonia. "Mtampata wapi, baba?"

Salu aliizungusha kofia yake. "Binti yangu mkubwa anaweza kuja kukaa naye," alisema mwishowe. "Watoto wabaki na mama yao."

"Na shamba, shemeji?" Nyanjige aliuliza.

"Hilo tutaona mvua zikianza."

Nyanjige alitaka kufurahi, lakini hiyo "tutaona" ilimkaa kifuani ndani ya basi mpaka Dutwa. Asubuhi iliyofuata hakungoja mvua wala mtu. Aliburuta kigoda hadi shambani, akaanza kung'oa mabua ya pamba ya mwaka jana, na kila baiskeli iliposikika ikitokea upande wa Nkoma, kwa Salu, mikono yake ilisimama.